Mwalimu wa Ukutani

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua hupendi barua inayouliza hali mistari kumi kabla ya kusema neno, kwa hiyo nauliza mara moja tu: miguu bado inauma? Na sikio?

Mimi ni mzima na kazi ni tele. Wanafunzi wanapita mbele yangu tangu asubuhi mpaka jioni, kila mmoja na karatasi zake na haraka yake. Muhula umefika mahali ambapo kila mtu anagundua kwamba alichokuwa akikisogeza mbele kimegoma kusogea. Nasoma kurasa za watu mpaka macho yanawasha. Juzi nilikutana na sentensi moja ya ukurasa mzima, haina nukta wala koma. Nilitamani kumpa mwenyewe maji anywe.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Dirisha linatazamana na bango la kampuni ya simu, na kwa miezi mingi palikuwa na mwanamke pale, mkubwa, anacheka na simu sikioni. Kila nilipoamka nilimwona yeye kabla sijauona uso wangu. Mwezi uliopita mafundi walipanda ngazi wakambandua vipande vipande, wakaweka mwanamume anayepiga mswaki. Utanicheka, Mama, lakini siku ile nilirudi ndani nikakaa kitandani kama mtu aliyehamwa na jirani.

Nimenyoa nywele. Zote. Ukiniona utadhani nimetoka kulazwa.

Barua zako zitume kwenye sanduku hili nililoandika nyuma ya bahasha, si lile la chuo. Posta ya chuo inameza barua.

Nyumba ikoje? Nisalimie shemeji.

Mkaza mwanao

* * *

21 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Sikio la kulia ndilo limestaafu, na silaumu. Miaka ishirini na saba kwenye swichibodi ya hospitali, naunganisha watu na habari zao, nzuri na mbaya. Leo sikio likisema limechoka, nani atalipeleka mahakamani? Ndiyo maana simu siitaki tena. Barua haipigi kelele, nayo ukiiweka chini inakungoja.

Unamkumbuka mwenzangu wa swichibodi, yule mfupi tuliyekuwa tukimwita Kengele? Kahamia kwa binti yake, ule mji wa njia panda. Kila mwaka ananiita nikakae naye. Anasema yeye haoni, mimi sisikii, tukikaa pamoja tunapata mtu mmoja mzima.

Sasa habari kubwa. Shemeji yako kaniletea kishikwambi, kanionyesha mahali chuo chenu kinapoweka masomo. Nimekuona! Kila Jumatatu somo jipya. Nakutegemeza kwenye birika mezani, nabana kisikizio kwenye sikio zima, nakusikiliza mpaka mwisho. Lile somo la mabango ya barabarani nimelirudia mara mbili. Mwanangu alikuwa akisema unafundisha vizuri, nami nilidhani ni mapenzi tu.

Lakini nina maswali mawili, na usinijibu kisomi. La kwanza: blauzi ya kijani. Kila somo ni hiyo hiyo. Huna nyingine? La pili: umeniandikia umenyoa nywele, na Jumatatu hii nywele zipo, tena zimesukwa vizuri. Zimeota kwa dawa gani, nami nitumie?

Nyumba ipo. Shemeji yako anapita vyumbani na futi, anapima. Nikimuuliza anasema ni ukarabati.

Mama mkwe wako

* * *

4 Aprili

Mama,

Ungekuwa mpelelezi wezi wangehama mji.

Masomo yale yalirekodiwa yote kwa wiki moja, mwaka jana. Ndiyo maana blauzi ni moja na nywele zipo. Waliniambia nivae rangi isiyochosha macho, nikavaa ile, na jioni nikiifua kwa ajili ya kesho.

Acha nikusimulie ilivyokuwa, maana sijamsimulia mtu. Walinipeleka kwenye chumba kilichofunikwa vitambaa vyeusi. Viti vilikuwepo, vitupu. Fundi wa kamera akasema, “Angalia hapa kwenye jicho, Mwalimu. Cheka kidogo.” Nikamuuliza, “Nicheke na nani?” Akadhani natania. Siku ya kwanza nilishindwa kabisa, maneno yanatoka yamekauka. Siku ya pili nikauweka mkoba wangu kwenye kiti cha mbele nikaufundisha mkoba. Ikaenda.

Unajua darasani kazi yangu ni nini hasa? Ni kumtafuta asiyeelewa. Yupo siku zote. Anakunja uso, au anaacha kuandika, au anaandika haraka mno. Ukimwona unarudi nyuma, unaanza tena kwa mlango mwingine, mpaka uso unakunjuka. Mbele ya kamera hakuna asiyeelewa. Wote wanaelewa, maana hakuna mtu.

Kila nilipomaliza sehemu nilisema, “Kuna swali?” nikanyamaza. Ni mazoea. Fundi akasema, “Hapo tutakata, kuna ukimya.” Nikamsihi asikate. Mwalimu asiyesubiri swali ni redio tu.

Likizo ndefu sitaweza kuja, Mama. Kazi haitaki kuachwa. Na najua huko hakuna cha kunishika.

Mkaza mwanao

* * *

17 Aprili

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, sikuipenda.

Likizo ya kwanza hukuja, nikasema mgeni kazini. Ya pili hukuja. Hii ya tatu unaniambia mapema, kama mtu anayelipa kodi. Sasa niseme kilichoko moyoni, maana mimi nikikaa na neno linanichachia tumboni. Kama umepata mtu, sema. Mwanangu ana miaka mitatu ardhini. Nilikuona ulivyomuuguza, na sina deni na wewe wala wewe huna deni na mimi. Mjane si kaburi. Ukiolewa leo nitakuja na khanga mpya, na nitakaa upande wa bibi harusi, watu waulizane huyu ni nani wake.

Au niseme nije nikuone mwenyewe? Huku kuna vumbi la mafundi, nakohoa. Wiki mbili tu.

Shemeji yako anasema rangi ya ukutani itakuwa nyeupe. Nyeupe, kwenye nyumba ya kuishi watu!

Mama mkwe wako

* * *

30 Aprili

Mama,

Nimecheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili kagonga ukuta. Hakuna mtu. Ningempata ungejua kabla yake.

Kusema kweli hakuna hata wa kumtania. Jumapili nilitoka, nikazunguka mjini tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nilikuwa naona kila kitu kama ninavyokifundisha: bango linalokuambia nywele zako ni mbaya, spika ya duka inayokuita mteja wetu mpendwa, televisheni za kwenye dirisha la duka zinasoma habari zote kwa pamoja, midomo inacheza bila sauti. Siku nzima nilisemeshwa. Nikafika chumbani nikagundua kwamba sauti yangu mwenyewe nimeitumia mara moja tu, nilipomwambia mtu wa matunda, “Hiyo hapana, ile ya nyuma.”

Kuja, nakuomba usije sasa. Mitihani inakaribia na chumba ni kidogo, kitanda kimoja. Subiri mambo yatulie nitakuita mwenyewe. Kikohozi hicho, nenda hospitali. Huko wanakujua mpaka milango.

Mkaza mwanao

* * *

26 Mei

Mwalimu,

Kaa chini ndipo usome.

Nilikuja. Jumatatu ya wiki iliyopita nilipanda basi la alfajiri bila kukuambia, nilitaka nikushtue. Nilikuja kukusalimia tu, kisha nigeuze. Mlinzi wa getini nilimtajia somo lako, akanisaidia na begi, akasema, “Ukumbi wa pili, bibi. Wameshaanza.” Nilifurahi. Nikasema moyoni, nitaingia taratibu nikae nyuma, akimaliza ainue macho anione.

Ndani giza. Wewe uko ukutani, mkubwa kama nyumba, na blauzi yako. Kwanza nilidhani wamekukuza kwa ajili ya walio mbali, na kwamba mwenyewe umesimama hapo chini mahali fulani. Nikakutafuta. Nikatazama meza ya mbele, mlangoni, kule pembeni kwenye pazia. Mezani palikuwa na mtu analinda mashine, amelala kichwa juu ya mikono. Wengine wanakula, wengine wako kwenye simu, wawili watatu wanaandika kweli. Na wewe unaongea.

Ukafika pale. “Kuna swali?” Ukumbi mzima ukapaza sauti, “Hakunaaa!” wakaangua kicheko. Kumbe ndio mchezo wao, kila wiki. Wewe ukanyamaza unawatazama, vile vile ulivyokuwa ukimtazama mwanangu alipozidiwa, ukimuuliza kitu naye anachelewa kujibu. Kisha ukasema, “Vizuri, tuendelee.” Nilitamani kuwachapa wote.

Nikamgusa bega binti aliyekaa mbele yangu. “Mwanangu, mwalimu huyu yuko wapi?”

“Yupi?”

“Huyu.”

“Huyo ni wa video, bibi.”

“Video naiona. Mwenyewe je?”

“Hayupo tangu mwaka jana. Sisi hatujawahi kumwona.”

Mwenzake akageuka akasema, “Si walisema alifariki?”

“Hata mimi nilisikia hivyo,” binti akasema. Kisha akanitazama vizuri, akaona nilivyobadilika. “Samahani, bibi. Kwani wewe ni nani wake?”

Mwalimu, ningesema nani? Mkwe? Aliyenifanya mkwe wako hayupo. Mama? Sikukuzaa. Nikasema, “Ni mtu wangu,” nikatoka.

Ofisini waliniambia mkataba wako uliisha, hawajui ulikokwenda. Nikawaambia nina barua yako ya tarehe thelathini, na wafu hawaandiki. Wakatazamana. Posta nako wakasema sanduku la mtu ni siri yake. Nikarudi stendi.

Sina hasira. Nilizoea kazini: mtu anapiga simu wodini anauliza mgonjwa wake, na muuguzi ananiambia pembeni, “Mwambie amelala.” Nilisema amelala mara nyingi sana maishani. Sasa nimejua upande wa pili wa waya unavyokuwa.

Nijibu moja tu: unalala wapi na unakula nini? Lakini usihangaike kujibu upesi. Nina shughuli shughuli.

Mama mkwe wako

* * *

2 Juni

Mama,

Siku ile ulipoingia getini, mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara.

Kuna duka la kutoa nakala na kujalidi tasnifu, linatazamana kabisa na geti. Ndipo ninapofanya kazi, huu ni mwezi wangu wa kumi. Nachapa, nasahihisha, napanga kurasa, nabana jalada. Huenda ulipopita nilikuwa nimeinama navuta karatasi iliyonasa kwenye mashine. Sikukudanganya nilipoandika kwamba wanafunzi wanapita mbele yangu siku nzima, na hilo ndilo baya lake: nilichagua maneno ya kweli ili nikufiche vizuri.

Tulipomaliza kurekodi, mkuu wa idara aliniita. Alikuwa na furaha. Akasema, “Mwalimu, masomo yako tunayo. Yamekamilika.” Aliisema kama sifa, nami nikasema asante. Niliielewa nikiwa kwenye ngazi. Mkataba wangu haukuwa na haja ya kurefushwa, maana nilichokuwa nacho walishakichukua. Simu ile ya kazini nikaikabidhi pamoja na funguo.

Kwa nini sikurudi nyumbani? Siku ninaondoka ulikuwa jikoni. Hukugeuka. Ulisema, “Nenda. Hapa hakuna cha kukushika.” Nikaelewa kwamba bila yeye, mimi kwenu ni mpangaji aliyepitisha muda. Ningerudi vipi na begi, sina kazi, sina mume, kwenye nyumba ya watu?

Dukani wananiita Dada wa Nakala. Wanafunzi hawa wananiona kila Jumatatu, mkubwa kama nyumba, lakini wakija na karatasi zao hawanijui. Nywele nilizinyoa kwa ajili hiyo, ingawa nadhani hata nisingenyoa. Mmoja tu aliwahi kuniambia, “Dada, unafanana na mwalimu mmoja wa kwenye video.” Nikamuuliza anafundishaje. Akasema, “Sijui, mimi huwa naongeza kasi.”

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Jumatatu nilimwomba mwenye duka saa mbili, nikavuka barabara. Sikuwahi kuivuka tangu siku ile. Nikakaa mahali nadhani ulikaa wewe.

Ilikuwa somo la upweke wa mjini. Nilishalisahau. Nikajisikia nasema, nimejiamini kabisa: “Mtu wa mjini hawezi kuwa mpweke, kwa sababu mji unamsemesha mchana kutwa.” Somo lile niliandika kabla sijaja mjini, Mama, nikiwa nimelala penye majirani wengi maisha yangu yote. Nilikuwa na mume, nawe upo sebuleni unakoroma na redio. Nilikuwa najua nini?

Wa ukutani akauliza, “Kuna swali?” Wakajibu kama ulivyosema. Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, “Mimi ninalo.”

Vichwa vikageuka. Mmoja akacheka, kisha akanitazama, akatazama ukutani, akanitazama tena. Nikasikia mtu anasema taratibu, “Si alikufa?” Wa ukutani akasema, “Vizuri, tuendelee,” akaendelea, na yule wa kwenye mashine akazinduka akazima sauti. Mdomo wangu ukabaki unacheza nyuma yao.

Nikasema, “Hapo nilikosea. Mji unakusemesha, lakini haukuulizi hali. Nani kati yenu ameulizwa hali leo, na aliyeuliza akasubiri jibu?”

 Kisha binti mmoja wa katikati akanyoosha mkono, akasema tangu aje chuoni anakula chakula chote akiwa amesimama, kwa sababu akikaa mezani peke yake watu wanamtazama. Hakuna aliyecheka. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Tuliongea mpaka ukumbi ukahitajika na wengine.

Usidhani ni hadithi ya ushindi. Kesho yake mkuu wa idara alinipata dukani. Alikuwa mpole, akaniomba nisiingie tena, kwa sababu za bima. Wanafunzi wawili wamekuja dukani kuniuliza maswali. Mwenye duka ameuliza kama wananunua. Wiki ijayo wataanza mitihani na hawatakuja tena, nawajua. Mimi nimerudi kwenye mashine yangu.

Lakini nimekusikia. Nalala ghorofa ya tatu, nakula nikiwa nimekaa. Nisamehe.

Mkaza mwanao

* * *

11 Juni

Shemeji,

Salama? Mimi barua sijui kuandika, utanivumilia. Namba yako haipatikani, ndiyo maana.

Hii barua yako ya kwa Mama imefika kwenye sanduku letu. Sijaifungua, nakurudishia humu humu ndani. Nimeshangaa unamwandikia huku. Mama si yuko kwako?

Nyumba nimeipangisha kwa watu wa ofisi tangu mwezi wa tano. Usinifikirie vibaya, shule za watoto zimenielemea, na nyumba ile kubwa Mama alikuwa anakaa peke yake. Nilimpa chumba kwangu. Hakukipenda. Na yeye na mke wangu unawajua. Wiki ya pili akasema umemwita, anakuja kukaa kwako moja kwa moja. Nilimsindikiza mpaka stendi kwa mkono wangu, na vitu vyake vyote kwenye begi. Tangu hapo tunajua yuko kwako, mnafurahi.

Tafadhali nijibu haraka. Kama kuna jambo niambie.

Shemeji yako

* * *

15 Juni

Mama,

Naandika haraka, usikosoe mwandiko.

Barua ya shemeji ilipofika niliitafuta bahasha yako ya mwisho, nikaisogeza dirishani. Mhuri wa posta ni wa mji wa njia panda. Uko kwa Kengele. Nimemwandikia shemeji atulie, nawe nakutumia hii kwa kupitia binti yake Kengele, pamoja na ile barua yangu ambayo hukuipata. Soma ile kwanza. Ukimaliza, rudi hapa.

Umesoma?

Ulikuja na begi lenye vitu vyako vyote. Ulisema ulikuja kunisalimia. Umekaa kwenye ukumbi ule, begi miguuni, huna pa kurudi, unasikia kwamba mtu uliyemfuata amekufa. Na bado ukaniandikia mimi kuniuliza nakula nini.

Nami nilikuwa nimekuandikia kwamba chumba ni kidogo, kitanda kimoja. Hukuniomba wiki mbili, Mama. Uliniomba mahali pa kukaa, nami nikakujibu kuhusu mitihani ambayo si yangu.

Binti yule alikuuliza wewe ni nani wangu. Mimi nimejiuliza hivyo hivyo miaka mitatu, wewe ni nani wangu sasa. Shemeji ni mwanao, wajukuu ni wako, mimi nimebaki na jina tu la ukwe, na aliyenipa hayupo. Nilingoja uniambie. Kumbe nawe ulikuwa unaningoja mimi.

Kwa hiyo nasema mimi. Mama yangu aliyenizaa alikufa sijaota meno. Aliyenifundisha kupika, akanichamba, akanikalia macho homa iliponipata, ni wewe. Sina mwingine wa kumwita hivyo, na sijui namna ya kuacha.

Nimeongea na mwenye nyumba. Kile chumba cha pili, cha yule anayegonga ukuta, kinaachwa mwisho wa mwezi. Si kikubwa, hakina rangi nyeupe. Kazi yangu ni ya kusimama na haina heshima, nami nanuka wino. Ukiona haifai, niambie nije mimi njia panda. Mashine za kutoa nakala ziko kila mahali.

Usinijibu kwa upole. Nijibu.

Mwanao

* * *

24 Juni

Mwanangu,

Kengele kanisomesha barua zako zote mbili kwa sauti, maana hataki kupitwa, na nilipofika pale pa jikoni nikashindwa. Akaniuliza nini. Nikamwambia moshi. Akasema, “Moshi wa jiko la umeme?”

Nisikilize. Siku ile sikugeuka kwa sababu nilikuwa nalia kwenye sufuria. Niliona ukibaki utabaki kwa kunionea huruma, utazeeka na mimi ukiwa kijana, ukifagia picha ya mwanangu. Nikasema hakuna cha kukushika, yaani uko huru, nenda ukafundishe. Nilikufungulia mlango, nawe ukadhani nakufukuza. Miaka ishirini na saba nawaunganishia watu maneno yao, langu moja la muhimu likapotea njiani.

Shemeji yako usimkasirikie. Ana watoto, na mimi ni mgumu. Chumba alichonipa kilikuwa na baiskeli tatu.

Hapa kwa Kengele wananipenda, lakini naiona sahani yangu inavyohesabiwa, si kwa ubaya. Nimekuwa nikienda kukaa posta mchana, kwenye benchi, kama mwenye kungoja barua, ili wapumzike na mimi. Wahudumu wameshaniuliza kama nimepotea.

Masomo yako sitayatazama tena. Nimemwachia Kengele kishikwambi. Haoni, lakini anasema sauti yako inamlaza vizuri. Jumatatu wakati wa somo lako nilikuwa nafunga begi.

Sasa masharti. Mimi naongea peke yangu, nisiulizwe nasema na nani. Redio nafungua sana, kwa sababu ya sikio. Chakula nitapika mimi, kwa sababu kupika nilikufundisha, lakini hukuelewa. Na ukirudi kazini umechoka hutaki kusema, usiseme. Wewe na mimi tumeongea vya kutosha na watu wasiotuona.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, basi linafika mchana. Usimtume mtu. Njoo mwenyewe, usimame mahali nikuone, na hicho kichwa chako kitupu.

Na uje na nguvu za kubeba. Begi ni zito. Safari hii siji kusalimia.

Mama yako